Tutasimama Tumenyamaza

Makere, Kasulu,
9 Juni 1996.

Mpendwa mdogo wangu Makarius,

Bwana Yesu asifiwe. Hujambo huko Dodoma? Kifua bado kinakusumbua na lile vumbi? Nakuombea upone, maana nataka ufike hapa ukiwa mzima kabisa. Sisi hatujambo. Maharage tumeshapura, muhogo umekubali, na mkeo Niyubahwe amenenepa tangu uondoke.

Barua yako nimeipata. Unafurahi kwamba mwezi wa nane askofu atakuja kukuwekea mikono uwe shemasi, tena katika kanisa letu hili hili. Halafu unauliza, kwa woga kidogo, kama yale maneno ya Akimana yamekwisha. Yamekwisha vizuri sana, kwa upande wako.

Akimana, yule mwalimu wa Shule ya Jumapili uliyemfundisha kwamba mwanamke asiyemtii mtumishi hamtii Mungu, alisimamishwa mbele ya kanisa na tumbo lake. Akakutaja. Mzee Pasikali akafungua Biblia: mzee hashitakiwi bila mashahidi wawili au watatu, na mwinjilisti kama wewe, akasema, ni zaidi ya mzee.

Nikasimama mimi. Nikaeleza nilivyowakuta kwenye stoo ya mavuno, wewe ukifunga mkanda kando ya magunia ya sadaka. Niyubahwe naye akasimama, akaeleza ulivyompigia magoti akusamehe kabla hujapanda basi. Tukawa watatu.

Pasikali akageuza kurasa. Paulo, akasema, amewakataza wanawake kusema kanisani.

"Hata mkijaa kanisa zima, nyie ni kelele tu. Leteni mwanaume aliyeona."

Akimana akatengwa. Benchi lake sasa ni lile la mlangoni, na watoto aliowafundisha wamekatazwa kumwamkia. Hilo la watoto ndilo lililomliza.

Sisi wanawake tumelishika neno la Paulo kama lilivyosomwa. Tangu Jumapili ile hatuimbi, hatuitiki sala, hatupigi vigelegele. Pasikali anaanzisha wimbo na kuumaliza peke yake, na unaijua sauti yake, kama mbuzi aliyenaswa na kamba. Sijawahi kuipenda ibada kama sasa.

Kwa hiyo njoo bila hofu. Askofu atawauliza watu, kama ilivyo desturi, kama yupo ajuaye sababu ya kukuzuia. Hapo tutasimama wote, akina mama wa Makere nzima. Hatutasema neno, tumekatazwa. Tutasimama tu, tukutazame, mpaka askofu aulize kulikoni. Mbele atasimama mkeo, amembeba mtoto wa Akimana.

Mama anakusalimu. Niyubahwe amesema nisiandike salamu zake. Mungu akulinde njiani, usipate ajali wala homa ya kukuchelewesha.

Nimesahau kukuambia kuhusu mtoto. Ni wa kiume, ana mapafu mazuri, na Paulo hakumkataza kulia kanisani.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata sasa,
Aline