Lornah Atapasuliwa Sikio, na Kwaya Iko Tayari na Ngoma

Lornah wangu atapasuliwa sikio la kushoto Jumanne ya mwisho ya mwezi huu, na daktari amekataa kuniahidi kwamba atasikia. Shangazi Peres, nisamehe kwa kuingia bila hodi, natumaini wewe na wasomaji wako hamjambo, mimi ni Mama Lornah wa Kabiria, nauza ndizi soko la Ngara na shule niliishia darasa la nne, lakini huyo binti niliyemzaa ndiye opereta wa simu katika ofisi moja kubwa ya mjini, orofa ya tano, akisema "Halo, nikuunganishe na nani?" mtu husahau alitaka nini, hata baba yake Sifuna, ambaye anatunza bustani ya watu kule Lavington, huomba simu ya tajiri wake ili tu amsikie, halafu anakata.

Sasa sikio hilo limetoa usaha tangu utotoni, linakauka kidogo linaanza tena, na siku hizi limeleta kizunguzungu, asubuhi anashika ukuta na kutapika, mpaka jirani yangu Kalekye akaniuliza mbele ya watu kwenye mfereji, "Mama Lornah, huyo msichana anaumwa sikio ama ana mimba?" Nikamjibu kwetu harusi hutangulia, lakini nilirudi nyumbani nikamtazama tumbo, nisamehe tena.

Tukaenda hospitali. Daktari akagonga chuma kinacholia kama kengele akakisogeza sikioni, kisha akabonyeza kidogo pale mlangoni mwa sikio, na Lornah akasema chumba kinazunguka. Daktari akasema ugonjwa umekula mfupa mpaka ukatoboa kijumba cha ndani kinachomfanya mtu asimame bila kuyumba, na ukiachwa unaweza kupanda hadi kwenye ubongo, kwa hiyo atachonga mfupa wa nyuma ya sikio akitazama kwa darubini. Nikauliza, na kusikia? Akasema, "Mama, kwanza nataka sikio liwe kavu na salama. Nitajitahidi aendelee kusikia, lakini hilo ni la pili." La pili, Shangazi, kwa opereta wa simu. Tena akasema ngozi mbovu inayoziba lile tundu ataigusa mwisho kabisa, na huenda akaiacha papo hapo. Hapo ndipo nilipopotea. Mtu anapasua halafu anaacha uchafu ndani? Hata mimi nikisugua sufuria siachi ukoko.

Lornah anasema amekubali, baba yake anasema mambo ya sikio aulizwe mwenye sikio, Kalekye anasema tumwage mafuta ya moto yenye kitunguu saumu tuachane na visu, na mimi kila anayeongea naona amesema kweli. Nimwachie huyo daktari ama nimzuie? Nijibu upesi maana nimeshaalika watu. Mwalimu Haron wa kwaya amesema watakuja wote na ngoma mbili na kayamba wamwimbie kitandani, kwa sababu sisi watu wa Bungoma mgonjwa hatumwachi kimya kama maiti. Watafika Jumatano, kesho yake, saa za kuona wagonjwa.

Mama Lornah, Kabiria, Februari 1974

SHANGAZI PERES ANAJIBU

Mama Lornah, karibu, keti. Umezaa mtu mwenye akili, ndiyo maana nashangaa umewasikiliza wote isipokuwa yeye.

Kalekye mwambie mafuta yake akaangie maharagwe. Sikio lililotoboka mpaka ndani ukilimwagia kitu cha moto, unakipeleka pale pale ambapo daktari mwenyewe anaogopa kugusa. Na ule ukaguzi wa tumbo, siku Lornah akiujua mimi niko upande wake.

Sasa ukoko. Wewe ni mpishi. Una sufuria kuukuu yenye tundu dogo, na ukoko umeliziba. Ukiukwangua kwa nguvu ati usafi, mchuzi wote uko motoni. Kile kijumba cha ndani kina maji, na kwa maji hayo binti yako anasikia na anasimama wima. Yakivurugwa anaweza kukosa vyote viwili siku moja. Ndiyo sababu daktari atasafisha kwingine kote, afike hapo mwisho, taratibu, na akiona hatari ataacha kipande chembamba cha ngozi hiyo akifunike, kisha awe anamwangalia kliniki. Huo si uvivu, mama. Huo ndio ulinzi unaoulilia.

Hakuahidi kwa sababu si mwongo. Angeahidi ningekuambia mkimbie. Amepanga tu zamu: kwanza binti awe hai, kisha awe anasikia, kwa kuwa marehemu hapokei simu. Na jambo ambalo hukuuliza: sikio la kulia likoje? Kama ni zima, simu itahamia upande huo na kazi itaendelea. Apimwe yote mawili kabla ya kisu, ili baadaye ijulikane kilichookolewa. Nendeni pamoja, yeye aulize, wewe unyamaze. Najua nakutwisha mzigo.

Akishapasuliwa kichwa kitulie. Asipenge kamasi, akipiga chafya aachame mdomo, maji yasifike sikioni, asiinuke ghafla. Chumba kikimzunguka kwa nguvu au uso ukilegea upande mmoja, mwite sista hapo hapo, usimngoje mchungaji.

Lakini hiyo ngoma, Mama Lornah. Juu ya kichwa kilichochongwa jana? Huyo umemlea vizuri, hawezi kumsalimia mzee akiwa amelala. Kila atakayeingia atamwinukia, atageuza shingo, atacheka, wimbo ukianza atataka kuuitikia. Heshima yako hiyo ndiyo itakayomwangusha. Jumatano aende mtu mmoja, wewe, ukae karibu na miguu yake asikutafute kwa macho, na ukitoka umwambie Sifuna binti yake amelalaje.

Kwaya usiivunje moyo, ipe siku nyingine. Daktari akisharuhusu, waje wote Jumapili ya Pasaka baada ya ibada, nyumbani Kabiria, ngoma zikae uani, na Lornah aketi mlangoni, sikio la kulia likiwaelekea.