Sahihi Yangu na Shina la Mgomba

Mpendwa Shangazi Eulalie,

Naomba msaada wako hapo gazetini kabla ya Ijumaa, maana mimi ni karani katika ofisi ya mitihani, sijatimiza hata mwaka kazini, na hofu imenishika mpaka ndizi mbichi na samaki wa chumvi anavyopika mama havipiti kooni. Tumesahihisha mtihani wa biolojia ya mwanzo wa vijana wanaotaka kuingia chuo cha kilimo, na swali moja linauliza lile linaloonekana kama gogo la mgomba ambao haujazaa limeundwa na nini, na mwongozo wa majibu alioutunga mkubwa wangu, nimwite Bwana Hippolyte ingawa si jina lake, unasema ni shina, ilhali ni majani yaliyokumbatiana na shina lenyewe limo ardhini, nilifundishwa hivyo shuleni na nimehakikisha tena vitabuni, na vijana waliojibu majani wamenyimwa alama, wengine wamefeli kwa alama hiyo moja tu, na mimi ndiye ninayetakiwa kutia sahihi siku hiyo ya Ijumaa kwamba mwongozo umehakikiwa.

Nilipomwendea alivua miwani. "We binti, umeajiriwa kupiga chapa au kunifundisha mimi migomba? Baba yangu kalima ndizi bonde zima!"

Mwenzangu wa meza ya jirani akadakia, "Mwache, bosi, kesho atatuambia nyangumi si samaki!"

Ofisi nzima ikacheka, nami nikarudi mezani kwangu na mwongozo wangu, ingawa nyangumi kweli si samaki.

Mama naye anasema, "Tia sahihi, mwanangu. Sufuria haiulizi shina wala majani."

Shangazi, naogopa kufukuzwa, naogopa kuchekwa tena, lakini kila nikishika kalamu mkono unakataa. Nifanye nini?

Karani Mwenye Hofu,
Dennery

*

Karani,

Pole kwa kicheko kile. Lakini mbona unaniuliza jambo ambalo mkono wako umeshalijibu? Unajiita mwenye hofu, nami naona mtu aliyekataa. Mama yako mwambie kwa heshima kwamba hao waliofelishwa nao wana masufuria kwao.

Kosa lako ni kumwendea mkubwa na maneno matupu. Alhamisi asubuhi kata mgomba mchanga, usawa wa ardhi. Nimesema mchanga! Uliozaa una bua la mkungu katikati, na bwana yule atalidaka hilo akuzomee mpaka Krismasi. Tandaza magazeti mezani kwake, hata hili letu, kwa kuwa utomvu wa mgomba hautoki nguoni. Usibishane. Sema, "Bosi, nionyeshe shina," kisha mpe kisu abambue mwenyewe, ganda baada ya ganda, na yule mchekeshaji wa nyangumi asimame hapo awe shahidi.

Asipoliona, mwongozo urekebishwe na vijana wapewe alama yao. Akikaidi, usitie sahihi. Mahali pake andika, "Sikubali, ni majani," na chini yake jina lako kamili, hilo ulilonificha mimi, kisha nakala uipeleke kwa waliomweka kwenye kiti kile. Anaweza kukufukuza, sikudanganyi. Hawezi kuufanya mgomba uwe mti.

Halafu nenda kwa mama ukale ndizi zako. Zitapita.

Shangazi Eulalie