Masaa Matatu Juani

Jumatatu, 4 Machi 2019
Maziwa ya kituo cha Kanyakine yote yamemwagwa. Ujumbe wa simu uliwaambia wakulima gari la chama chetu cha ushirika litapita saa moja asubuhi. Hupita saa nne! Mitungi imekaa juani masaa matatu, mkaguzi akayakataa. Ya mama pia, lita kumi na nne. Riungu, meneja, amemwuliza Kaari, karani wa ujumbe, kama kwao saa husomwa kichwa chini. Mbele ya watu. Nimecheka nao.

Jumanne, 5 Machi
Tena saa moja. Wengine wameamini tena, wakamwaga tena. Nina hasira! Mimi, fundi wa kompyuta wa chama, ndiye niliyehamisha kila kitu kwenye seva mpya Jumamosi, na nimeendesha skripti, yale maagizo ya kutoa ujumbe, kwa mkono mara sita: saa nne, kila mara. Nimemwambia Riungu kosa si la mashine. Kaari anasema yeye huandika majina ya vituo tu, saa huwekwa na mashine yangu. Nimemjibu vibaya. Amepewa barua: akae nyumbani, kamati ya chama itaamua Ijumaa.

Jumatano, 6 Machi
Mama amepiga. Hakutaja maziwa. “Kaari ndiye aliyenikamulia ng'ombe nilipovunjika mkono. Wewe ulikuwa wapi?” Nimekata simu.

Halafu nikaacha skripti iamke yenyewe, bila mimi. Ujumbe ukasema saa moja!

Niliandika juu kabisa ya skripti: TZ=Africa/Nairobi, yaani ifuate saa ya Nairobi. Skripti inaijua. Lakini anayetuma ujumbe ni programu nyingine, ambayo skripti huizaa, na mtoto harithi thamani isiyotolewa kwa export, amri ya kuirithisha. Hiyo export sikuandika. Akabaki na saa ya seva, ya Greenwich, masaa matatu nyuma yetu. Na kwa nini kwangu ilikubali? Kwa sababu Jumamosi hiyo hiyo nilikuwa nimeandika export kwenye dirisha langu mwenyewe la amri, na sijalifunga tangu hapo. Kila nilipojaribu, mtoto alirithi kwangu. Mara sita! Mjinga mkubwa mimi.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeongeza export. Saa kumi jioni ujumbe umetoka wenyewe: saa nne. Sawa.

Nimempelekea Riungu maelezo, ukurasa mmoja, jina langu chini. Amesoma mara mbili, akanirudishia. Anasema wakulima wakisikia ni mashine, hawataamini ujumbe wowote tena. Kaari ni wa kibarua, atapata kwingine. “Wewe ni kijana wetu. Kesho kaa kimya tu.”

Kijana wao! Nimeikunja karatasi na kutoka nayo. Hilo ndilo linaniuma zaidi.

Sasa hivi mama amepiga. Ujumbe umefika, gari ni saa nne, je, aamini? Nimemwambia aamini.

“Kwa hivyo Kaari amerudishwa?”

Nimesema network ni mbaya, simsikii. Nilikuwa namsikia vizuri kabisa.

Karatasi iko hapa mezani. Kamati inakaa saa tatu asubuhi. Simu inalia tena, ni mama—