Mume Wangu Yumo Kisimani

Jumatatu, 4 Septemba 1911
Mchanga mbichi leo! Matonya kapanda juu na tope kwenye kucha, akanipaka puani kama mtoto. Fundi Zaidi, aliyekuja kutoka Kondoa kutuchimbia kisima, anasema hapa Zuzu hatutafuata tena maji korongoni. Binti yetu Dorkasi kaupokea mtungi mtupu, kaupiga kama ngoma.

Jumanne, 5 Septemba
Ukuta wa kisima umebomoka. Matonya yumo, mchanga umemfika kifuani. Yu hai, anaongea.
Majirani wamemvuta kwa kamba — akalia kwa maumivu, wakaacha. Wamechota mchanga, ukateremka mwingine. Mchana kutwa hivyo. Fundi anamfokea kila mtu, na kila mtu anamfokea mwenzake. Kuchota tu, kuchota tu. Nimemteremshia maji kwa kibuyu. Kaniambia nami nile. Nimeshindwa.

Jumatano, 6 Septemba
Asubuhi kachoka, hajibu upesi. Batuli, mke wa Fundi, kaja na uji. Akatazama nyuso zetu, akachutama ukingoni.
"Shemeji, wamekupanda?"
Kutoka chini Matonya akajibu, "Wamenipanda. Mvua ikinyesha nitatoa suke."
"Basi nitakuja na ungo wangu."
Mmoja kacheka, kisha wote. Na mimi, mpaka machozi. Fundi kacheka hadi akakaa chini, mara ya kwanza tangu jana, mgongo kauegemeza kwenye lindo langu — lile pipa la gome la mti ninalowekea mtama, liko tupu tangu Julai. Akageuka, akaligonga kwa vidole.
"Mama Dorkasi," akasema, sauti ya chini, "nikilitoa kitako utanikasirikia?"
Nikamwambia atoe. Tumelipita mara ngapi tangu jana, hakuna aliyeliona!
Wamemvika Matonya lindo kuanzia kichwani, wakalikandamiza likazama mchangani kumzunguka. Fundi ananing'inia kwa kamba juu yake, anachota kwa bakuli humo ndani. Mchanga wa nje hauingii. Kiuno kimeonekana. Sasa magoti.

Mchana. Mguu wa kushoto umetoka. Wa kulia bado umenasa, Matonya anasema hausikii. Fundi kaacha kuchota. Watu wameanza tena kubishana.
Kutoka chini, sauti nyembamba, "Batuli, sema kingine."
Batuli ananitazama mimi.
Ninalo neno moja la kuchekesha, la siku aliyokuja Matonya kuniposa. Sijapata kumwambia. Naweka kalamu, nakwenda ukingoni —