Samli Puani

Jumatatu, 12 Mei 2025

"Mashine haina kabila, haina dini, haidanganyi." Maneno ya Mukhtar, mkuu wa watafiti wanaoijaribu, leo uwanjani Garsen. Watu wakapiga makofi! Kweli, haina kabila. Haina macho pia. Kijiti cha pamba puani, kisanduku kinanguruma, robo saa majibu: una virusi vya mapafu au huna. Nikauliza: na kikikosea? Akacheka — mama, unasoma magazeti mno. Kinachonichoma ni sharti lao: mitungi ya oksijeni waliyoleta ni ya watoto waliopimwa wakakutwa na virusi tu. Wengine wajipepee.

Jumatano, 14 Mei

Elsie, binti wa dada yangu, amefika kutoka Idsowe na Zadock mgongoni. Miezi minane. Akivuta pumzi, mbavu zazama. Kijiti, kisanduku — hana virusi! Nesi akasema ni vumbi, rudini nyumbani. Mwanamke mmoja kwenye foleni akamcheka Elsie: kumbe ulifuata biskuti wanazogawa!

Pua ya mtoto ilikuwa inang'aa. Nikaigusa. Samli! Elsie akashangaa: mama mdogo, ningempeleka kwa daktari na pua chafu? Nani hapa hajui? Mtoto akizibwa na mafua hutiwa samli ya wafugaji Waorma, na siku ya kliniki hutiwa nyingi zaidi, asimwaibishe mamake. Foleni nzima ilinuka samli. Wenye shahada tatu tatu hawakuuliza.

Alhamisi, 15 Mei

Nimemkabili Mukhtar. Kijiti chenu kimechota samli, si makamasi! Akasema yawezekana. Yawezekana! Basi mpime tena. Hapana — kila mtoto mara moja, akirudiwa majaribio yanaharibika. Na mashine isilaumiwe kwa ujinga wa akina mama. Msaidizi wake akadakia: samli ipo, tuwakaange tu. Wakacheka wote. Nikamwambia Mukhtar, mamako angekutia samli ubongoni, labda ungelainika ukazunguka. Hapo hakucheka.

Ijumaa, 16 Mei

Tuko langoni pa kituo chao tangu alfajiri. Kumpeleka hospitali Malindi haiwezekani, maji yamekata barabara. Pua ya Zadock tumeiosha kwa maji ya chumvi, tukaipangusa hadi ikawa nyekundu. Midomo imeingia rangi ya buluu. Hata kulia ameacha. Sharif, bawabu, anatazama viatu vyake: mama, nimeambiwa nyinyi mmeshapimwa. Kwa dirisha naiona mitungi mitatu. Miwili haijafunguliwa hata karatasi yake.

Naandika huku nimesimama, karatasi hii nitaichana niipitishe chini ya lango.

Mukhtar, na ninyi mnaokunywa chai humo ndani: fungueni. Mpimeni mara ya pili, au mtieni mpira wa oksijeni bila kumpima, kisha andikeni kwamba mimi ndiye niliyeharibu majaribio yenu. Jina langu mnalijua. Pua hii hapa. Ni safi. Fungueni sasa, bado anavuta pum