Mama, Nilimpa Ambakisye Kikombe

Mama, kamwene.

Ni mimi, Sekela. Nimekaa jikoni kwako hapa Iyunga, kwenye kile kigoda ulichokataza mtu yeyote asikikalie. Nimekikalia, utanisamehe. Hilo ni dogo katika mambo ninayotaka unisamehe leo. Krismasi imepita wiki mbili sasa na moyo wangu haujatulia hata kidogo. Nimemkosea mwanao. Nimemkosea Ambakisye mbele ya watu, na wa kumwambia ni wewe tu.

Kwanza habari za nyumbani, maana najua ungeuliza. Tangu tukuzike mwezi wa tano, mimi na wanangu wawili tumehamia hapa ili nyumba isibaki peke yake. Mparachichi wa mbele umezaa mpaka matawi yanaburuta chini. Yule jogoo wako mkorofi tulimchinja siku ya kuanua matanga, na hata kwenye sahani alikuwa mbishi. Jirani yako Mama Tusa bado anapita asubuhi, anasalimia "Ugonile!" pale mlangoni, halafu anakumbuka haupo, anaondoka zake. Chumba chako nimekifunga. Ufunguo nauvaa shingoni kama ulivyokuwa unauvaa wewe.

Sasa nikueleze.

Wote walisema Krismasi hii lazima maziwa ya Noeli yawepo. Mjomba Luka, ndugu yako, alinipigia simu wiki nzima kabla: "Sekela, dada yangu ameondoka, lakini sufuria hajaondoka nayo." Unamjua mjomba kwa kile kinywaji. Nikakubali, ingawa nilikuwa naogopa. Maana yale maziwa, Mama, ulikuja nayo wewe kutoka kwenye jiko la wale wazungu wa mashamba ya chai kule Mufindi, ulikofanya kazi usichanani mwako. Kwao yalikuwa ya kuondoa baridi tu. Wewe ndiye uliyeyawekea sheria. Yanywewe baada ya kanisa, kabla ya chakula, watu wote wamesimama. Kikombe cha kwanza ni cha kitinda mimba. Na ukishapokea kikombe huruhusiwi kukiweka chini mpaka kiishe, kwa sababu anayekiacha ana kinyongo na mtu humu ndani, na hapo hapo amtaje. Unakumbuka wewe na baba mlivyosimama nusu saa mwaka ule mlionuniana! Mpaka maziwa yakapoa, mkacheka, mkayanywa hivyo hivyo.

Kitinda mimba wako ni Ambakisye. Hapo ndipo penye shida yangu yote.

Miaka ile ya pombe yake kule Chunya sitairudia, uliilia mwenyewe ya kutosha. Alipoacha, akapata kazi ya kutengeneza mashine za kusaga mawe ya dhahabu, nyumba hii ilipumua. Lakini kila Krismasi mbele ya macho yetu wewe ulikuwa unatoa chupa yako ya brandi kwenye kabati la chumbani, unaimimina kwenye sufuria kwa madaha, glugluglu, halafu kikombe cha kwanza unampa mtu aliyeacha pombe! Nilikugombeza. Nilikwambia unamuua mwanao kwa mkono wako. Ukanijibu, "Wewe koroga, nyamaza. Hiki ni chakula." Miaka mitatu nimekoroga nimenyamaza, na miaka mitatu nimekukasirikia. Hukuniambia kitu, Mama. Hata ulipokuwa umelala hospitali na mimi ndiye nakulisha uji, hukuniambia.

Siku moja kabla ya Krismasi, mchana, nikafungua chumba chako, nikatoa chupa. Ilikuwa imebaki nusu. Nikafungua kizibo ninuse. Mama, ilikuwa chai! Chai ya rangi iliyochacha, ina utando juu. Nikakaa kitandani kwako kwa hasira. Nikajiuliza ni nani aliyelala chumba hiki siku za msiba. Ni Ambakisye. Ni nani mwingine katika ukoo huu angekunywa brandi ya marehemu, msiba haujaisha, halafu ajaze chai ili tusijue? Sikuwaza mara mbili. Nikamwaga ile chai, nikashuka dukani barabarani nikanunua chupa mpya, nikaificha chini ya kanga. Njiani nilikuwa naongea peke yangu.

Asubuhi ya Krismasi Ambakisye akafika na gari la kwanza kutoka Chunya, viatu vimejaa vumbi jekundu, amebeba mchele na zawadi za watoto. Akanikumbatia. Nikajikausha. Akaniangalia, akaingiza mchele ndani.

Tukaenda kanisani, tukarudi. Nikawasha jiko la mkaa. Maziwa lita tatu, mdalasini, karafuu, kungumanga nimeikwangua mwenyewe. Viini vya mayai ya kienyeji kumi na mbili nikavipiga na sukari mpaka vikawa vyeupe. Halafu ikafika pale panaponitoaga jasho, kumimina maziwa ya moto kwenye mayai. Ukiharakisha yanaiva, unapata mayai ya kukaanga yanayoelea. Nilikuwa nasikia sauti yako kabisa, "Tone, tone, Sekela, humnyweshi ng'ombe." Nikamimina tone tone. Nikarudisha jikoni, nikatoa makaa mawili, nikakoroga bila kusimama mpaka yakaanza kushika mwiko. Hayakukatika! Nikataka kukuita uone.

Kama ningeishia hapo, ningekuwa nakuandikia barua nyingine leo.

Nikabeba sufuria mpaka sebuleni, nikaiweka mezani. Watu wamesimama, mjomba, wanangu, Mama Tusa na mume wake. Nikaweka chupa yako tupu upande mmoja na ile mpya upande mwingine. Nikasema, "Aliyekunywa brandi ya Mama akajaza chai, ajitaje mwenyewe kabla sijamtaja." Nilisema hivyo, Mama, siku ya Krismasi. Wote wakageuka kumwangalia Ambakisye, maana mimi nilikuwa namwangalia yeye. Uso wake ukabadilika. Akaangalia picha yako ukutani, akainamisha kichwa. Nikasema moyoni, si unaona? Mwizi ni yeye.

Nikafungua chupa mpya, nikamimina kwenye sufuria. Nikachota kikombe cha kwanza, nikampa. Sitakudanganya kwamba nilikuwa nafuata utaratibu wako tu. Nilitaka aone haya. Nilijua hawezi kukikataa wala kukiweka chini mbele ya watu wote wale.

Akakipokea kwa mikono miwili. Akakisogeza puani, akakirudisha. Akasema polepole, "Dada, hii ina pombe."

Nikamwambia, "Kwani miaka yote ilikuwa na nini?"

Akasimama na kile kikombe. Nikawagawia wengine, wakaanza kunywa, yeye amesimama tu. Mvuke ukaisha juu ya kikombe chake. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso, Mbeya hii, Desemba hii, mvua inanyesha nje. Mwanangu mdogo akasema, "Mjomba, una kinyongo na nani?" Ambakisye akageuka, akatoka nje na kikombe mkononi, akaiacha hata kofia yake.

Mimi bado nilikuwa na hasira. Nikasema kwa sauti, "Mwacheni, anakwenda kumalizia nje." Mungu anisamehe.

Aliyenifumbua macho ni mjomba Luka, na wala hakukusudia. Alikuwa amemaliza kikombe, amekamata kiti. Akasema, "Sekela, hii yako jamani imenipanda kichwani mara moja. Ya dada miaka hii ya mwisho ilikuwa inachoma kooni tu, kichwani haifiki. Nikadhani ni uzee wangu."

Inachoma kooni tu. Mama, nilishika meza. Nikakumbuka ile tangawizi! Miaka mitatu ile ulinikwanguza tangawizi mpaka vidole vikawaka. "Ongeza. Ongeza tena." Zamani hukuwa unaweka tangawizi hata kidogo. Na mjomba Krismasi yako ya mwisho aliimba, akayumba, akaomba radhi kwa ulevi. Ulevi wa chai ya rangi! Na wewe ukamshika mkono ukamwambia akae asianguke. Kumbe ulikuwa unacheka rohoni. Ni wewe, Mama. Chai ile uliiweka wewe. Kwenye sufuria yangu, niliyoipika kama ulivyopika zamani, hakukuwa na tangawizi hata ya kulamba, kulikuwa na brandi ya kweli, na nilikuwa nimemkabidhi kikombe mtu niliyemwombea kwa Mungu usiku na mchana asirudi huko.

Nikatoka mbio bila viatu. Pale ng'ambo ya barabara ile grosari ya pombe ilikuwa wazi, muziki juu, watu wamejaa barazani. Nikasimama kwenye mvua kuwaangalia mmoja mmoja. Sikumwona. Nikaingia mpaka ndani, mhudumu akaniuliza natafuta nani. Nikarudi. Ndipo nilipowaza kupita nyuma ya nyumba, kwenye migomba, kaburini kwako.

Alikuwa amechuchumaa hapo, amelowa chapachapa. Kikombe kilikuwa mkononi mwake, kitupu.

Nilimwambia sasa najua kwamba ni wewe, Mama, uliyeweka chai. Akaitikia kwa kichwa. Akanisimulia kwamba mwaka ule wa kwanza alikwambia hawezi kunywa maziwa ya Noeli, ukamwambia, "Nyumba nzima wasijue. Wakijua watakuonea huruma, na huruma yao itakurudisha kule kule." Nikamuuliza kwa nini hakusema pale sebuleni, kwa nini aliniacha nimdhalilishe vile. Akasema, "Ningesema, Dada, ungeniambia namsingizia marehemu."

Na ni kweli. Ningesema hivyo hivyo, tena kwa kupiga kelele.

Halafu akaniona naangalia kikombe. Sikutaka anione, lakini aliniona. Akasema, "Nimemwaga. Nimempa Mama. Kama huamini, ninuse." Akasimama, akanisogelea, akafungua mdomo. Miaka yake ya ulevi mimi ndiye niliyekuwa namnusa pale mlangoni kabla hajaingia, nakuja kukuletea ripoti. Alisimama mbele yangu vile vile, mtu mzima mwenye ndevu, anasubiri kunuswa.

Nikaangalia chini. Mvua ilikuwa inapiga udongo wako, maji yanatiririka kila upande. Kama palimwagwa kitu, kilishaoshwa. Pua yangu ilitaka kunusa, Mama, sikufichi. Mwili mzima ulitaka kujua. Nikamnyang'anya kile kikombe, nikakikinga kwenye mvua mpaka kikajaa, nikakimwaga, nikakikinga tena, nikakimwaga. Sikukinusa. Yeye pia sikumnusa. Nilimwambia nisamehe. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Chakula kinapoa."

Tukaingia ndani. Nikawaambia wote, nikiwa nimesimama, nimelowa, kwamba mwizi hayupo, kwamba aliyejaza chai ni wewe, na sababu yake. Nilimtazama kwanza Ambakisye kama anaruhusu, akafumba macho akakubali. Mjomba Luka alishika kichwa. "Miaka mitatu nimelewa chai?" Hapo tu ndipo mdogo wangu alipotabasamu. Mama Tusa alilia. Ile sufuria niliyoipika kwa jasho niliimwaga yote shimoni.

Aliondoka kesho yake alfajiri. Amepiga simu mara mbili. Jumapili iliyopita mawasiliano yalikuwa mabaya, maneno yake yalikuwa yanavutika, na mimi hapo hapo nikajiuliza. Ni mtandao, au ni yeye? Swali lilifika mpaka ulimini. Nikaling'ata. Nikamuuliza kama Chunya mvua zimeanza. Akasema bado, vumbi tu, tukaagana. Sikulala vizuri, lakini sikuuliza.

Sijui kama alimwaga, Mama. Hilo ndilo ninalokuandikia. Wewe uko pale chini, wewe unajua kama ulipewa kitu siku ile. Mimi sitajua mpaka nakufa, na nimechagua kutojua. Ni kazi ngumu kuliko kupika. Wewe ulimwamini miaka mitatu bila kumnusa, huku mimi nakukasirikia, na hukujitetea hata kwa neno.

Basi nakuahidi mbele ya Mungu wako. Sitamnusa tena mwanao. Akija mzima nitamfungulia mlango. Akija amelewa nitamfungulia mlango, nitampa maji, nitamtandikia kitanda chako.

Lala salama, Mama yangu. Ufunguo wa chumba chako nimeuvua shingoni leo, nimeuacha mlangoni.

Mwanao,
Sekela