Makapi Chini ya Kilindo

Jumatatu, 2 Mfunguo Tisa, 1303

Nimetwanga, nimepepeta, nimeanika. Mavi ya panya tena ndani ya kibaba. Nimekiosha mara mbili kwa maji ya moto na bado nakiona kichafu. Kisutu changu kimetafunwa pembeni. Panya wa mji huu hawana haya.

Nimefungua kilindo cha mbegu, lile kasha la gome, pale uchagani. Mpunga umeshuka vidole vinne. Hiyo ndiyo mbegu yetu yote ya shamba la Makurunge, na masika yamekaribia. Ikiisha, mwaka huu hatupandi.

Jumanne, 3

Nimeazima paka kwa Mhindi muuza nguo, jirani yetu. Amelala jamvini kutwa. Kazoea samli yule, panya wa nini kwake?

Jumatano, 4

Mpunga umeshuka tena. Nimekaa nikafikiri. Panya akila mpunga huacha makapi. Nimechungulia chini ya uchaga: sakafu safi, hakuna hata kapi moja. Basi ni panya gani huyu anayekula kisha akafagia?

Nyumba hii tumo watatu. Mimi, Bwana, na dada yake Mwanaidi, aliyekuja mwezi jana akimkimbia mumewe wa Saadani. Anasema mume anampiga. Labda. Kila asubuhi nikitoka chumbani namkuta keshaamka. "Shikamoo, wifi," kwa sauti ya asali. Panya naye huuma huku akipuliza.

Alhamisi, 5

Mwanaidi ametoka na kikapu kilichofunikwa. Amerudi nacho kitupu. Sikumwuliza. Mwizi haulizwi, hutegwa.

Ijumaa, 6

Bwana aliporudi msikitini nimemwambia yote. Kwanza kanikasirikia mimi. Eti nina roho mbaya, namchukia dada yake tangu siku aliyoingia. Ni kweli simpendi. Lakini kutompenda mtu hakujazi kilindo.

Nimetaka kiapo cha mkate. Tule sote, mwizi ajulikane. Bwana kakubali.

Jumamosi, 7

Mwalimu wa msikitini amekuja baada ya alasiri. Kaandika aya juu ya mkate wa mtama, kasoma, kaukata vipande vitatu. Asiye na hatia humeza. Mwizi humkwama.

Nimeanza mimi. Umeteremka vizuri. Bwana naye kameza. Mwanaidi kakishika kipande chake. "Wallahi, kaka, sikuchukua hata punje." Katafuna, katafuna. Kisha kakohoa, machozi yakamtoka, mkate ukarudi kiganjani.

Mwalimu kakusanya vitu vyake bila kumtazama. Bwana kasema, "Funga nguo zako. Kesho unarudi kwa mumeo."

Nimefurahi. Naandika kweli, hapa hakuna wa kumdanganya. Nimefurahi sana.

Jumapili, 8

Ameondoka alfajiri na watu wanaokwenda Saadani. Kaniaga kwa adabu zake zile zile. Nimeitikia marahaba na kufunga mlango. Nyumba imetulia.

Jumatatu, 9

Nimeamka. Nyumba haijafagiwa. Nikashangaa kidogo, maana siku hizi naikuta safi. Nikachukua ufagio mwenyewe.

Chini ya uchaga, makapi. Yangejaza viganja viwili.

Nimekivuta kilindo kutoka ukutani. Kwa nyuma kina tundu, pana kama yai, kingo zake zimetafunwa. Nimekaa chini.

Alikuwa akifagia yeye. Kila siku, kabla sijaamka, asije akaambiwa anakula bure. Na kikapu kile kilikuwa cha taka, anakipeleka jaani. Angeulizwa angesema. Hakuna aliyemwuliza.

Nimeyafagia upesi kabla Bwana hajatoka chumbani. Sikumwambia. Mwoga mimi.

Jumanne, 10

Makapi tena. Nimeinua ufagio, nikauweka. Nimemwita Bwana aje aone mwenyewe.

Kaingiza kidole katika lile tundu. Kanitazama. Afadhali angenitukana. Kachukua fimbo yake akashika njia ya Saadani bila kunywa hata uji.

Mbegu iliyobaki nimeihamishia mtungini, nikafunika kwa jiwe. Itatosha nusu ya shamba. Paka nimemrudisha kwa mwenyewe.

Jumatano, 11

Nimesafisha chumba cha Mwanaidi. Nimetandika kitanda, nimefukiza ubani. Nayapanga maneno ya kumwomba radhi. Yote nayaona mafupi.

Alhamisi, 12

Sina la kuandika. Kila anayepita njiani naona ni wao.

Ijumaa, 13

Bwana amerudi, peke yake.

Shemeji yake, mume wa Mwanaidi, kakataa kumtoa. Hatoi talaka, hatoi ruhusa. Kamwambia Bwana mbele za watu: "Mwizi mlimrudisha wenyewe, leo mwamtakia nini?" Mwanaidi alikuwa uani anapara samaki. Jicho moja limevimba, halifunguki. Bwana alimweleza habari ya tundu. Hakulia. Kamtuma salamu.

Bwana kanipa salamu hizo akiwa amesimama mlangoni, viatu bado miguuni. "Nisalimie wifi. Mwambie mkate ulikuwa mkavu."

Mvua imeanza tangu adhuhuri. Kesho tunakwenda Makurunge kupanda.